Benzi la Marehemu na Binti wa Kamachumu

SEHEMU YA TANO

Walionicheka wiki jana wana haki yao. Mtu aliyefukuzwa kwenye chumba cha kupanga kule Kashai kwa sababu gari lake ni kubwa kuliko nyumba yenyewe, hata mama yake mzazi angemcheka.

Kwa wale ambao gazeti liliwapita, au walilifungia samaki kabla ya kulisoma, nawakumbusha kwa ufupi. Mimi ni Buberwa, dereva nisiye na kazi. Kaka yangu Ishengoma alitajirika kwa biashara ya mpakani baada ya vita vya Kagera, akanunua Benzi, akaliendesha miaka miwili. Kisha akaugua ukimwi, ule ugonjwa ambao kwetu watu waliuita Juliana, akafa. Ukoo ukanikabidhi gari. Nami katika kuzunguka na gari hilo nikampata Paskazia, binti wa Ta Mushumbusi, yaani Mzee Mushumbusi, wa Kamachumu, huko Muleba. Nikampenda, naye akanipenda. Baba yake akaweka sharti moja.

"Binti yangu haingii nyumba yenye gari la marehemu," alisema. "Liuze. Jumapili ya kwanza ya Desemba Padri ataanza kuitangaza ndoa yenu. Kama siku hiyo bado unalo, jina la Paskazia halitasomwa pamoja na lako."

Huo ulikuwa mwaka 1989. Haya ya leo yalitokea siku ya Ijumaa, siku mbili tu kabla ya Jumapili hiyo, na mimi Benzi bado ninalo.

Lilikuwa limeegeshwa Buhembe, kwenye kibanja cha shangazi yangu Ma Kokwijuka, katikati ya migomba. Rangi yake ilikuwa ya samli. Kila asubuhi nililifuta vumbi na kuing'arisha ile nyota ya juu ya boneti mpaka nikauona uso wangu ndani yake. Shangazi alikuwa akinitazama kutoka jikoni bila kusema kitu, na kwa shangazi yangu kutosema kitu ni matusi.

Aliyefaidi gari lile alikuwa kuku wake mmoja mwekundu. Kioo cha mlango wa nyuma kilikuwa hakipandi mpaka juu, basi kuku alipita hapo, akataga kwenye kiti cha nyuma kila siku ya Mungu. Nilimfukuza wiki mbili, mwishowe nikamwachia.

Wanunuzi walikuja, si kwamba hawakuja. Nikawapa maneno aliyonifundisha kaka yangu mwenyewe.

"Hili ni la mwisho," niliwaambia. "Mwaka 1985 Wajerumani waliacha kuunda umbo hili, wakaanza jingine. Likishaondoka hili, hutalipata tena."

Mwalimu mmoja wa Hamugembe alilizunguka mara tatu, akaniuliza, "Kama lilikuwa zuri, mbona wameacha kulitengeneza?"

Sisi Wahaya tumesoma mno, hata kumwuzia mtu gari ni mtihani.

Wengine walikuja wameziba pua kwa leso. Hao walikuwa wamesikia habari kwamba ugonjwa wa Ishengoma umebaki kwenye viti, na kwamba atakayekalia atakonda. Sikujua habari hiyo ilitoka wapi, lakini ilikuwa imetangulia kila mahali nilipokwenda. Kemondo waliijua. Muhutwe waliijua. Nikaenda hospitali kumwuliza muuguzi. Akanijibu kwamba ugonjwa ule haukai kwenye kiti wala kwenye usukani, na kwamba kijana wa umri wangu ana mambo mengine ya kuogopa kuliko viti. Nikarudi nyumbani na jibu zuri ambalo hakuna aliyetaka kulisikia.

Sasa niungame, kwa maana ndiyo kazi tuliyokubaliana mimi na nyinyi wasomaji. Uvumi haukuwa kisa pekee. Walikuja watu wawili wasioogopa viti, wenye fedha zao mfukoni, na wote wawili niliwafukuza mwenyewe. Wa kwanza nilimwambia gia ya tatu inagoma. Haigomi. Wa pili nilimwambia injini inakunywa oili kama mlevi. Hainywi hata tone.

Niliwadanganya kwa sababu ya siku moja tu. Siku niliyomtoa Ishengoma hospitali kumrudisha nyumbani alikataa kulala kiti cha nyuma. Alikaa mbele, upande wa abiria, akanyoosha mkono akashika usukani. "Wewe kanyaga mafuta," akaniambia, "mimi nitaendesha." Tukaenda hivyo mpaka nyumbani, watu wawili dereva mmoja, naye akinicheka kila nilipobadilisha gia vibaya. Alifariki siku ya nne yake. Kila mnunuzi aliposhika usukani ule nilimwona ameweka mkono juu ya mkono wa kaka yangu. Nilimpenda Ishengoma kupita kiasi, na sikuwa na kitu kingine cha kumshikia.

Lakini Paskazia naye nilimpenda, na Jumapili haikuwa inanisubiri.

"Buberwa," shangazi alisema Ijumaa ile asubuhi, hatimaye, "unataka kuoa au unataka kufuta vumbi?"

"Kuoa, shangazi."

"Basi leo akija mtu, ziba mdomo. Mimi ndiye nitauza."

Mtu alikuja saa tatu. Alikuwa mrefu, mweusi wa jua la ziwani, amevaa koti zito na chini kandambili. Harufu ya samaki wakavu ilifika kabla yake.

"Naitwa Ndalahwa," alisema. "Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa na sangara. Natoka Usukuma, lakini makao yangu ni kisiwani, Bumbire. Nimekuja kununua gari."

Shangazi akamtazama kandambili. "Bumbire kuna barabara?"

"Hakuna, mama."

"Sasa gari utaliendesha wapi?"

"Sitaliendesha," Ndalahwa alisema. "Nitalivusha kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Nitaliweka mbele ya kibanda changu. Jioni nitakaa ndani, nitasikiliza redio, watu watapita wataniona."

Nilizungukwa na wanunuzi wa kila aina mwaka ule, lakini huyo nilimpenda palepale. Shangazi hakumpenda. Alimkaribisha kiti hata hivyo, maana mgeni ni mgeni, akamtuma mtu jikoni alete ndizi.

Ndalahwa alianza kazi yake. Aliliona gari lina kasoro hapa na pale, kama afanyavyo mnunuzi yeyote. Kisha akakohoa.

"Na kuna habari za viti, bhabha," aliniambia. Kwao hivyo ndivyo mtu anavyomwita mtu kwa upole. "Watu wanasema. Kwa hiyo bei itabidi ishuke sana."

"Ishuke mpaka wapi?"

Akataja. Shangazi alisimama kwenda kuzuia ndizi zisiletwe.

Ndalahwa, ili kutupoza, akatoa mfukoni kifurushi cha kahawa ya kutafuna, akakiweka mezani kati yetu. Msomaji wa mbali aelewe: kwetu kahawa haianzi kwenye kikombe. Tunaichemsha ikiwa mbichi pamoja na majani ya kunukia, tunaikausha, tunaifunga kwenye jani kavu la mgomba, na mgeni hutafuna punje moja moja. Nyumba isiyo na kahawa hiyo haina adabu.

Nilinyoosha mkono kuchukua, nikakigeuza kwanza.

Kamba ya mgomba ilikuwa imezungushwa mara mbili, na mkia wake haukufungwa fundo, ulichomekwa chini. Katika wilaya zote za Kagera ninamjua mtu mmoja tu anayefunga hivyo. Aliwahi kuniambia sababu yake: fundo linamchosha mgeni.

"Kahawa hii umeipata wapi?" nilimwuliza.

"Nimenunua sokoni."

"Soko gani?"

Ndalahwa akatazama migomba. "Soko kubwa."

"Kahawa hii imefungwa na Paskazia, binti wa Ta Mushumbusi wa Kamachumu. Haiuzwi popote. Hupewa mgeni aliyekaa pale uani."

Jasho likaanza kumtoka chini ya koti. Shangazi, aliyesikia kutoka jikoni, alirudi na sahani ya ndizi na maharage, akaishika hewani mbele yake bila kuiweka mezani. "Sema kwanza," alisema, "ndipo ule."

Mtu wa watu alikuwa na njaa. Akasema.

"Bhabha, mimi naweza kudanganya majini. Nchi kavu sijazoea. Yule mzee nampelekea dagaa kila mwezi. Ndiye aliyenituma. Gari analitaka yeye."

"Ta Mushumbusi anataka Benzi hili?"

"Tangu siku ile kaka yako alipopita nalo Kamachumu mara ya kwanza. Ananisimulia kila nikienda. Anajua mpaka taa zake zikoje. Amekata karatasi ya gazeti yenye picha ya gari kama hili, ameiweka ndani ya kitabu cha sala."

Nikakaa chini kwenye majani.

"Na habari za viti?" shangazi aliuliza, sahani bado hewani.

Ndalahwa akainamisha kichwa. "Alisema zitashusha bei. Kila debe la dagaa nililouza nilitoa na habari yake. Nimesema Kemondo, nimesema Muhutwe, nimesema Kashai yote. Mimi mwenyewe siamini. Nisamehe, bhabha. Sikujua kwamba ni kaka yako wa tumbo moja."

"Alikulipa nini?"

"Hakunilipa. Aliniahidi kwamba siku ya kwanza nitakaa kiti cha mbele."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Kaka yangu yuko kaburini, na mtu anauza dagaa kwa jina lake. Nilitaka kumrukia. Kisha nikamwona akilini Ta Mushumbusi, yule mzee wa heshima, mzee wa kanisa, anafungua kitabu cha sala na kuangalia nyota ya Benzi wakati wenzake wanaitikia. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka Ndalahwa naye akacheka, na shangazi akamwekea sahani yake mezani.

"Kula upesi," alimwambia. "Tunakwenda Kamachumu wote watatu. Leo mzee atanunua gari hili mchana kweupe, kwa bei ya haki, na Jumapili Padri atasoma majina."

Ndalahwa alikaa mbele. Ahadi ni ahadi, hata kama aliyeitimiza si aliyeitoa. Njia nzima alitoa mkono dirishani akiwapungia watu, na wale wale aliowatisha na viti walimwona yeye mwenyewe amevikalia. Shangazi alikaa nyuma na kitenge chake kipya. Kuku mwekundu tulimtoa. Yai lake la asubuhi tulilisahau.

Tulipoingia uani kwa Ta Mushumbusi, mzee alikuwa kwenye kiti chake akianika kahawa kwa macho. Aliliona Benzi, akasimama, fimbo ikaanguka. Kisha akamwona Ndalahwa mbele, akaiokota fimbo polepole sana, kama mtu anayetafuta pia maneno huko chini.

"Shumalamu, Ta," nilimwamkia kwa heshima zote.

Akaitikia. Akamwamkia shangazi. Ndalahwa hakuamkiwa.

"Amesema?" mzee alimwuliza shangazi.

"Amesema yote, Ta Mushumbusi. Mpaka kitabu cha sala."

Nilidhani ataona haya. Nilikuwa simjui baba mkwe wangu. Alijinyoosha, akaweka mikono nyuma, akalisogelea gari.

"Nilisema binti yangu haingii nyumba yenye gari la marehemu," alisema. "Sikusema gari la marehemu lisiingie nyumba yangu. Mimi ni mzee. Nimepita vitani, nimezika ndugu wengi kuliko vidole vyangu. Kiti kitanifanya nini?"

Akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa kwa uzito wake wote.

Tukasikia kitu kikipasuka.

Shangazi alinitazama. Mimi nilitazama mibuni. Ta Mushumbusi hakusogea hata kidogo. Uso wake ulibadilika mara moja tu, halafu ukatulia.

"Viti vyake laini," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi alivyolitaka gari lile. Nikajiona nimeshinda.

"Ta," nilisema nikiinama dirishani, "basi mambo ni mepesi. Mnunuzi nimempata. Lichukue kwa bei ya haki, mimi sitadai zaidi. Gari litakuwa limetoka mikononi mwangu kama ulivyotaka, na Jumapili ndoa itangazwe."

"Bei," alisema, kama mtu anayeonja chumvi. "Bei ya nini, mwanangu? Mimi na wewe tunauziana?"

"Sijaelewa, Ta."

"Hukuambiwa, basi. Babu yako na baba yangu walinywana. Walifanya omukago. Mtu wa omukago hauziwi kitu. Akiomba, hupewa." Akaushika ule mpini wa kupandishia kioo, akauzungusha, kioo kikapanda mpaka pale kinapogomea. "Na mimi naomba."

Ndalahwa aliuliza omukago ni kitu gani. Mzee akamweleza kwa Kiswahili kizuri, huku akipapasa kiti cha mbele. Zamani watu wawili waliopendana walijichanja karibu na kitovu. Walichukua tunda moja la kahawa, lenye punje mbili katika ganda moja. Kila mmoja akachovya punje yake katika damu ya mwenzake, akaimeza. Tangu hapo wakawa ndugu kuliko ndugu wa kuzaliwa. Mmoja akiomba, mwingine hakatai.

"Siku hizi na ugonjwa huu hakuna anayethubutu," alimalizia. "Lakini ya zamani hayafutiki."

Sikuwahi kusikia habari hiyo, na mtu wa kuithibitisha au kuikana alikuwa mmoja tu. Nikamgeukia shangazi. Alikuwa amesimama kando ya gari, uso wake mtulivu kama maziwa yaliyopoa.

"Ni kweli," shangazi alisema.

Nikaupapasa ufunguo mfukoni.

"Ni kweli kabisa. Nilikuwa msichana mdogo, nilishika kikapu cha kahawa mimi mwenyewe. Niliona damu." Ta Mushumbusi alimtazama kwa mshangao kidogo, akatabasamu. Shangazi akaendelea kwa sauti ileile. "Kwa hiyo wewe na marehemu baba yake Buberwa ni ndugu. Na Buberwa ni mwanao. Na Paskazia ni dada yake. Sasa Ta Mushumbusi, niambie, hiyo ndoa ya kutangazwa Jumapili ni ya nani na nani?"

Hata Ndalahwa alielewa.

Nami nikaelewa mtego wa shangazi yangu, nikataka kumbusu. Mzee alikuwa na njia mbili tu. Aseme omukago upo, apate gari bure, na amnyime binti yake mume mbele ya watu. Au ameze maneno yake, anunue kama mgeni, na ndoa iendelee. Padri labda hajali omukago, lakini ukoo unajali, na hakuna mzee ambaye angekuja kula karamu ya ndugu wanaooana. Mzazi gani angechagua gari?

Ta Mushumbusi alitoka ndani ya Benzi. Yai lilikuwa limemshika suruali kwa nyuma, hakuna aliyethubutu kumwambia. Aliitazama nyota ya boneti. Alitazama mlango wa jikoni, ambako nilijua Paskazia anasikiliza. Akaitazama tena nyota.

"Mabinti huolewa," alisema taratibu. "Asipoolewa na huyu ataolewa na yule. Vijana wapo wengi." Akanigeukia, na nawaambia ukweli, macho yake yalikuwa na machozi. "Lakini hili, mwanangu, wewe mwenyewe umewaambia watu wote kuanzia Bukoba mpaka Muleba. Hili ni la mwisho."

Alikuwa ameninyonga kwa kamba yangu mwenyewe, maneno ya Ishengoma niliyoyauza nchi nzima bila kupata mnunuzi. Sasa nimempata.

"Karibu nyumbani kwako, Buberwa," mzee alisema. "Nipe ufunguo, mwanangu."

Nikamtazama shangazi. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe aligeuza uso asinitazame. Nikatoa ufunguo. Mzee aliupokea kwa mikono miwili, akaingia nao ndani ya nyumba kuutundika kwenye msumari ulio chini ya picha ya Moyo Mtakatifu.

"Shangazi," nilinong'ona, "ni kweli uliona damu?"

"Damu gani," alinong'ona naye. "Marehemu baba yangu alikuwa anaogopa damu, hata kuku alimwomba jirani amchinjie. Nilikuwa namtega."

"Basi sema."

"Niseme nini? Kwamba nimedanganya mbele ya mgeni, uani kwa watu, juu ya baba yangu? Na yeye anajua nimedanganya, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza. Nikimtaja ananitaja." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua kwamba kuna mtu anayeweza kupenda chuma kiasi hicho."

Mimi nilijua. Mtu huyo nilimwona kila asubuhi kwenye nyota ya boneti. Kama ningemwachia mnunuzi wa kwanza, yule wa gia ya tatu, leo ningekuwa nimeketi mbele ya nyumba hii nikihesabiwa mkwe. Niliung'ang'ania mkono wa maiti mpaka nikaupoteza mkono wa mtu aliye hai. Hilo ndilo kosa langu, na silisukumi kwa mwingine.

Ta Mushumbusi alirudi mikono mitupu, akakaa kwenye kiti chake kwa uangalifu. Ndalahwa alikuwa bado kiti cha mbele cha Benzi. Alikuwa ameshafungua redio.

"Paskazia," mzee aliita. "Leta kahawa. Tutatafuna pamoja, shahidi yupo, jambo liishe."

Hilo ndilo lililobaki. Nikitafuna kahawa yake mbele ya shahidi, undugu umekubaliwa, na kuurudisha ni vigumu kuliko kurudisha maziwa kwenye titi. Nikikataa, nimeitukana nyumba ya mzee, na hapo sitakanyaga tena.

Paskazia alitoka. Si jikoni nilikomtegemea, bali kwenye mlango wa mbele, mlango aliopita baba yake. Alikuwa na kikapu kidogo mikononi, na miguuni amevaa viatu vyake vya kanisani. Sikujua kwa nini avae viatu hivyo siku ya Ijumaa kwa kubeba kikapu cha kahawa.

Alipiga magoti mbele ya baba yake kwanza. Mzee akachukua kifurushi chake, akachomoa kamba bila taabu, akatia punje mdomoni. Alipiga magoti kwa shangazi. Shangazi akachukua chake huku anatazama chini.

Kisha akaja kwangu. Hakuniangalia. Kikapuni kilikuwa kimebaki kifurushi kimoja.

"Msalimie kaka yako," baba yake alisema.

Nikakichukua. Vidole vyangu vilitafuta mkia wa kamba, ule unaochomekwa chini. Haukuwepo. Kifurushi hiki kilikuwa kimefungwa fundo, tena fundo gumu, la mtu asiyetaka kifunguke ovyo. Na kilikuwa kizito. Nilikigeuza ndani ya kiganja. Kupitia jani kavu nilihisi meno madogo ya chuma, na mwishoni duara bapa ambalo nililishika kila siku tangu kaka afariki.

Nilitazama kupita bega la mzee, ndani ya nyumba. Chini ya Moyo Mtakatifu palikuwa na msumari mtupu.

"Kula, kaka," Paskazia alisema kwa sauti ya kusikika ua mzima. Sasa aliniangalia, kisha akalitupia Benzi jicho. "Safari ni ndefu."